TEMBEA UONE: Diani, pale kaya na hoteli ya kifahari zinapokuwa majirani

KUNA jiji moja huko Japani, jina lake Kyoto, ambalo kila aliyelizuru hurudi na sifa ileile: kwamba huko mambo ya kale na ya kisasa yanaishi katika ua mmoja bila kugombana. Lilikuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia mwaka wa 794. Mgeni hufika kwa garimoshi linalokimbia kuliko matatu yoyote ya Thika Road, akateremka katika stesheni ya vioo na vyuma iliyofunguliwa mwaka wa 1997, na kabla ya adhuhuri amekwisha kuvua viatu mlangoni mwa hekalu la mbao. Mwaka wa 1994 shirika la UNESCO liliyatia mahekalu, makasri na bustani 17 za jiji hilo na viunga vyake katika orodha ya urithi wa dunia.

Nauli ya kufika huko, msomaji, ni ya kuuza ng'ombe pamoja na ndama wake. Lakini kama unaishi Nairobi, Nakuru au hapo Mombasa tu, kuna mahali unapoweza kuyaona mambo ya namna hiyo na ukarudi nyumbani ukiwa bado una karo ya watoto. Mahali penyewe ni Kwale, katika ukanda wa pwani unaoanzia Tiwi, ukapitia Diani, Kinondo na Gazi, hadi Msambweni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wetu huenda huko tusione kitu. Familia hupanda treni hadi Mombasa au ndege hadi uwanja mdogo wa Ukunda, ikapokewa hotelini, ikafungwa utepe wa plastiki mkononi, ikaogelea katika kidimbwi kilicho hatua hamsini kutoka bahari yenyewe, ikala mpaka ikachoka, kisha ikarudi. Waulize watoto wameona nini Kwale. Watakutajia viazi vya kukaanga na mteremko wa kuteleza majini.

Basi leo tutembee kama watembeao watu wenye macho.

Safari huanzia Likoni. Anayevuka feri kwa miguu halipi senti, na hapo ndipo mtoto wa bara hupata somo lake la kwanza la pwani: mikokoteni ya mboga, akina mama wenye mabuibui, wanafunzi, baiskeli na malori, wote wakisubiri mlango wa chuma uteremke. Ukimwona mtu mzima amemshika mtoto mkono kwa nguvu kupita kiasi, usimcheke. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama katika mlango huohuo wa bahari na watu 272 wakafa maji. Wako wazee ambao hadi leo hawavuki bila kusoma dua.

Asiyetaka feri sasa ana njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu hutoka Miritini, ikapita juu ya mikoko kwa madaraja marefu, na kukufikisha Kibundani upande wa Kwale bila kuingia kisiwani Mombasa. Daraja la Mteza peke yake lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Tena fedha nyingi za barabara hiyo ni mkopo wa serikali ya Japani. Hata daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka wa 1980 lilijengwa na kampuni ya Kijapani. Kwa hiyo ukisikia nikiwataja Wajapani katika safari ya Kwale, usidhani nimepotea njia.

Kabla ya kufika Diani kuna Tiwi, na kati ya Tiwi na Diani kuna Mto Mwachema, ambao wenyeji wengi huuita Kongo. Hapo mtoni unapoingia baharini, chini ya mibuyu minene, umesimama msikiti wa mawe ya matumbawe uliojengwa karne kadhaa zilizopita. Mji uliouzunguka ulitoweka zamani, lakini msikiti haukugeuka kuwa gofu la makumbusho kama yale ya Gede. Bado watu wanaswali ndani yake. Ukifika wakati wa sala utaona viatu vya kawaida mlangoni, kandambili za mvuvi na viatu vya ngozi vya karani, na mita chache tu kutoka hapo vijana wakipiga kasia mitumbwi ya plastiki ya kukodisha mtoni.

Huko ufukweni mwa Kongo watu huja kupunga upepo mwishoni mwa juma na muziki wao na chupa zao. Ninavyoona mimi, hapana kosa kupunga upepo. Kosa ni kufanya hivyo uani mwa watu wanaoomba Mungu. Mama akivaa leso, baba akivaa suruali ndefu, na mtu akaomba ruhusa kwa aliye karibu, ataonyeshwa mengi. Anayekuja na nguo ya kuogelea na kamera mkononi ataona ukuta tu.

Ukunda ndio mji wenyewe. Wageni hudhani Diani ni mji, lakini Diani ni barabara ndefu yenye hoteli upande wa bahari. Watu wanaotandika vitanda vya hoteli hizo hulala Ukunda. Hapo shuka katika matatu, utafute mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, au jioni viazi karai na muhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili na ndimu. Tuktuk na bodaboda zinapishana na punda. Duka la simu limepakana na muuza dawa za mitishamba, na wote wawili wana wateja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 katika kaunti nzima ya Kwale. Ile ya 2019 ikahesabu 866,820. Ongezeko hilo utaliona kwa macho hapo Ukunda, kwa jinsi vyumba vya mawe vinavyochomoza palipokuwa na minazi.

Kutoka Ukunda hadi barabara ya hoteli ni mwendo mfupi wa tuktuk. Inua macho. Juu ya lami utaona ngazi za kamba zimening'inizwa kutoka mti hadi mti. Hizo si za mafundi wa umeme. Ni madaraja ya mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe mabegani, ambao msitu wao ulikatwa katikati na barabara hiyo. Magari yalikuwa yakiwagonga, ndipo shirika la Colobus Conservation likaanzishwa mwaka wa 1997 na kuanza kuwajengea njia ya juu. Watoto watapenda kusimama hapo kuliko mahali pengine popote, hasa pale mbega mama anapovuka na mwanawe mweupe pe akiwa amemkumbatia kifuani.

Ufuo wa Diani wenyewe sina haja ya kuusifu; umesifiwa vya kutosha na umekwisha kutunzwa mara kadhaa kama ufuo bora barani Afrika. Utawaona wazungu wakivutwa na tiara kubwa juu ya mawimbi na wengine wakiruka kutoka ndegeni kwa mwavuli. Chini yao hupita ngalawa ya mvuvi, kwa umbo lilelile alilolichonga babu yake. Kitu kimoja tu nataka uangalie: njia za kwenda baharini. Ufuo ni mali ya umma, lakini ukuta wa ploti hii ukikutana na ukuta wa ploti ile, Mkenya wa kawaida hubaki barabarani akisikia mawimbi. Ukiipata njia ya umma iliyo wazi, ipite hata kama huna shughuli huko. Njia isiyopitwa ndiyo huota geti.

Sasa twende Kinondo, ambako ndiko nilikokuwa nikikupeleka tangu mwanzo.

Ukiifuata barabara ya Diani kwenda kusini, hoteli zinaanza kupungua, na mkono wa bahari unatokea msitu. Huo ni Kaya Kinondo. Kwa lugha ya Kidigo kaya ni nyumbani, na kwa kweli zamani palikuwa nyumbani: masimulizi ya Mijikenda yanasema kwamba walipohama Shungwaya, Wadigo ndio waliotangulia, na Kinondo ikawa kaya ya kwanza. Watu waliishi ndani ya msitu kwa ajili ya usalama, katikati pakiwa na uwazi wa makazi, na mafingo ya kuwalinda yakafukiwa ardhini. Baadaye walitoka kwenda kulima, lakini makaburi na mahali pa maombi wakaviacha chini ya ulinzi wa wazee.

Msitu wenyewe ni wa hekta 30 hivi. Si mkubwa. Lakini wataalamu wa mimea wamehesabu ndani yake aina zaidi ya 180 za miti na mimea, nyingine adimu kabisa, na sababu ni moja tu: kwa mamia ya miaka hakuna aliyeruhusiwa kukata ufito. Serikali iliitangaza kaya hii kuwa turathi ya taifa mwaka wa 1992. Wazee waliwafungulia wageni njia mwaka wa 2001. Na mwaka wa 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, katika orodha ileile ya dunia iliyo na mahekalu ya Kyoto.

Hapo mlangoni utafungwa kaniki kiunoni, uwe profesa, meneja au mtalii wa Ujerumani. Kofia hutolewa. Wapendanao hawabusiani ndani. Hakuna kuvunja tawi, kuokota jiwe wala kutia jani mfukoni, hata liwe limeanguka lenyewe. Picha hupigwa pale mwenyeji aliposema zipigwe. Kisha mnaingia mmoja nyuma ya mwingine, na baada ya hatua ishirini joto la pwani linabaki nje. Mwenyeji atakuonyesha mti wa dawa ya tumbo, mti wa dawa ya homa, na mti mkubwa ambao mgeni hualikwa aukumbatie na kuutua mzigo wa moyo wake. Niliwaona wanafunzi wa sekondari wakianza kwa kucheka. Waliukumbatia wakiwa wameanza kunyamaza.

Wengine watauliza: je, hayo si ushirikina, na Wadigo wengi si Waislamu? Ni Waislamu, naam, na mzee wa kaya aghalabu utamkuta msikitini Ijumaa. Mwenyewe haoni mgongano wowote. Wanaoona mgongano ni sisi tuliosoma kidogo, ambao tunataka kila mtu aingizwe katika sanduku moja na kufungiwa humo.

Huko Kyoto nako kuna msitu kama huu katikati ya jiji, uitwao Tadasu no Mori, unaozunguka hekalu la kale la Shimogamo. Una hekta kama 12 tu. Kinondo ni zaidi ya mara mbili. Na Wajapani nao wamejifunza kwamba mgeni asiyewekewa masharti huharibu: mwaka wa 2024 wakazi wa mtaa wa Gion, maarufu kwa wasanii wa kike wavaao kimono, walipiga marufuku watalii kuingia katika vichochoro vyao vya binafsi kwa sababu walikuwa wakiwafukuzia wasanii hao kwa kamera. Anayeingia hutozwa faini ya yen 10,000. Kwa hiyo ukifungwa kaniki Kinondo usione kama mambo ya kishamba. Jiji tajiri limefika miaka mingi baadaye mahali ambapo wazee wa Kinondo walikuwa wameketi kitambo.

Lakini tusijidanganye kwamba kila kaya iko salama. Ardhi ya bahari ni dhahabu, na msitu usio na geti ni ploti machoni mwa mwenye tamaa. Kusini kidogo ya Kinondo kuna Kisiwa cha Chale, ambacho nacho kina kaya. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa kisiwani humo, wazee wakalalamika, na hoteli ikaendelea. Kaya nyingine karibu na Diani zimemegwa kidogo kidogo pembeni, leo shamba, kesho nyumba. Kinondo imesimama kwa sababu wazee wake walifanya uamuzi mgumu wa kuwaruhusu wageni kuingia kwa masharti, na kiingilio kikawa sababu ya kijana wa kijijini kuona kwamba msitu una faida ukiwa umesimama. Ndiyo maana nasisitiza ulipe kiingilio hapo, na usijadiliane bei kama unayenunua vinyago ufukweni. Watu wanaokulinda hapo ndani ndio wanaomzuia mwenye buldoza.

Tena wanajua maana ya kukosa wageni. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, ghasia zikaenea hadi Ukunda, watu wakauawa na maelfu wakahama. Hoteli zilibaki tupu msimu mzima. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ukazifunga tena. Mara zote mbili bahari ilibaki hapo hapo, buluu vilevile, lakini haikumlisha mtu asiyekuwa mvuvi.

Ukiwa na siku ya pili, pita hadi Gazi. Kijiji hiki kimya kilikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewasumbua Waingereza kwa vita vya 1895 hadi 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani, Tanganyika. Kwa mtoto anayesoma historia ya Kenya, kusimama Gazi kuna thamani kuliko kurasa kumi za kitabu.

Lakini wengi huenda Gazi kwa ajili ya mikoko. Akina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao linaloingia katikati ya msitu wa bahari, na wao wenyewe ndio waongozaji. Watakufundisha kutofautisha mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana na mkomafi, na upi hutoa boriti na upi hufaa mashua. Mikoko ya ghuba hii ilikatwa vibaya kwa kuni za viwanda katika miaka ya 1970, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walipoanza kuipanda upya. Kisha mwaka wa 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, katika hekta 117: miti hunyonya hewa ya kaboni, na kampuni na watu wa ng'ambo hulipa ili miti ibaki. Wataalamu wanautaja kuwa mradi wa kwanza wa jamii duniani kuuza kaboni ya mikoko. Fedha zimeingia katika maji ya bomba na vitabu vya shule.

Na hapa Kyoto inarudi tena bila kuitwa. Biashara ya kaboni kati ya mataifa ilipata nguvu kwa Itifaki ya Kyoto, iliyokubaliwa katika jiji hilo Desemba 1997. Akina mama wa Gazi hawakualikwa katika mkutano ule, lakini leo wangeweza kuwafundisha waliohudhuria jinsi ya kupanda mkandaa ukashika.

Baada ya kutembea, agiza chakula kwa kikundi hichohicho mapema: wali wa nazi, samaki wa kupaka na maji ya dafu. Waambie kabla hamjaingia mikokoni, maana hakuna chakula kilichopikwa kusubiri mgeni asiyejulikana.

Msambweni ni mbele kidogo. Hapo utaona hospitali kubwa, wavuvi, na maisha yasiyojali mtalii, jambo linaloburudisha baada ya kelele za Diani. Bara kidogo ya barabara, huko Maumba na Nguluku, ndiko kulikochimbwa madini ya titani tangu 2013 hadi kazi ilipokoma Desemba 2024. Hapana cha kutazama kwa mwenda likizo, ila mwanafunzi wa jiografia afahamu kwamba mashimo hayo pia ni sehemu ya usasa wa Kwale. Mwenye nafasi zaidi na aendelee hadi Shimoni, penye pango linalohusishwa na biashara ya watumwa, na avuke kwenda Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja.

Maneno machache ya matumizi, kwa wenye familia. Nenda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ukitaka bahari tulivu. Kusi ikivuma, mwani hujaa ufuoni na mashua hurushwa, lakini hoteli hupunguza bei, hasa Mei na Juni. Uliza saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kwenda Gazi, kwani maji yakijaa mikoko hupendeza zaidi, na yakipwa ndipo kaa huonekana. Kinondo fika asubuhi, mvae viatu vya kufunika vidole, na mtoto mdogo ambebe baba, kwa kuwa mizizi ya kaya haijui mgeni. Chukua fedha taslimu kidogo kidogo. Leso mbili za mama zitatosha msikitini, mezani na mchangani.

Jumapili ijayo tutaiacha bahari na kupanda milima ya Shimba, kumtafuta palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama jambia, ambaye nchini Kenya hupatikana hapo tu.